Kila Mtoto na Kipande Chake

Achieng', mama,

Nimejifungia chumbani nikidai kwamba natafuta miwani, na miwani iko puani. Ukweli ni kwamba furaha imenizidi, siwezi kukaa na wageni. Mama yako na shangazi zako wamejaa jikoni, samaki wanakaangwa, watu wa kanisa wameanza kufika kwa maombi ya kukuaga, na kila anayeingia namwambia jambo lile lile: kesho binti yangu anakwenda Usenge kufundisha Kiingereza. Mama wa mboga pale nje amenisikiliza, halafu akasema, "Mwalimu, asubuhi uliniambia. Na jana pia." Basi nikaona afadhali nije nikuandikie wewe, maana wewe huwezi kunikatiza.

Sitakuandikia habari za neti ya mbu, wala maji ya kuchemsha, wala kupiga simu ukifika. Hayo mama yako ameshayasema na atayasema tena mpaka gari liondoke. Mimi nataka kukusimulia habari za darasa moja.

Unakumbuka likizo ile uliyotoka chuoni na daftari lililojaa michoro ya duara na mishale? Uliniketisha sebuleni ukanifundisha maana ya ujifunzaji shirikishi, jinsi wanafunzi wanavyojifunza wakitegemeana, na mimi nikawa natabasamu tu. Ukakasirika kidogo. "Baba, unacheka nini?" Sikucheka kwa dharau, mama. Nilikuwa namwona msichana mmoja mwembamba wa Nyakach, na mzee mmoja mwenye tumbo amebanwa kwenye dawati la nyuma. Leo nakueleza.

Ulikuwa bado mdogo, mwaka wako wa kwanza wa shule. Mimi nilikuwa nafundisha kule karibu na Pap Onditi, shule ya kutwa, kidato cha pili. Darasa langu la Kiingereza lilikuwa na nidhamu mpaka walimu wengine walinionea wivu. Nikiingia wanasimama. Nikiandika ubaoni wananakili. Nikiuliza swali, kimya kinatanda, halafu mkono mmoja unapanda: Felix. Felix anajibu, nasema vizuri sana, tunaendelea. Nilitoka mle ndani kila siku nikiwa nimekauka koo, nikiamini kwamba nimefundisha.

Mle shuleni tulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Mwanafunzi akisikika akiongea Kijaluo, anavishwa kibao shingoni, naye anakaa nacho mpaka amnase mwingine. Tulisema kibao kitawafanya wazungumze Kiingereza. Kiliwafanya wanyamaze. Hilo sikuliona, kwa sababu mwalimu mchovu huridhika na ukimya, na mimi nilikuwa nimechoka.

Siku niliyozinduka ni siku niliyoita majina kwa ajili ya mtihani wa kuzungumza. Nikaita Quinter. Akasimama msichana mwembamba, mrefu, sare imefuliwa mpaka imepauka. Nikamwambia anieleze kwa Kiingereza anachofanya Jumamosi. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akaangalia mlango. Nikagundua kwamba tangu mwaka uanze sijawahi kusikia sauti yake, na jambo baya zaidi ni kwamba sikuwa nimewahi kuitafuta. Baada yake nikaita wengine kumi hivi. Ni wale wale. Midomo inafunguka, inafungwa. Watoto wanaoweza kuandika umoja na wingi wa kila neno, lakini hawawezi kuniambia kwamba Jumamosi wanachota maji.

Nikarudi nyumbani nikiwa na ari mpya. Kesho yake nikawapanga makundi ya wanne wanne, nikawapa swali la ufahamu, nikasema: jadilianeni. Nikasimama mbele nimekunja mikono kama mtu aliyewasha moto akingoja uji uchemke.

Mwanangu, ilikuwa aibu. Kila kundi lilikuwa na mmoja anayeandika na watatu wanaongoja kunakili. Kundi la Felix lilimaliza kwanza kwa sababu Felix alifanya peke yake, amewapa wenzake mgongo. Wavulana wa nyuma walikuwa wanajadiliana kweli, kwa bidii, habari za mpira. Quinter alikuwa katika kundi hilo la Felix. Alikaa akikata kucha kwa meno. Naibu wa mwalimu mkuu akachungulia dirishani.

"Mwalimu, hapa ni darasa ama ni soko ya Pap Onditi?"

Nilifanya hivyo wiki mbili, kisha nikaacha. Nikajiambia kwamba makundi ni mambo ya vitabu, hayafai watoto wetu. Nakuambia haya kwa sababu nawe utafikia hapo. Utaingia na michoro yako mizuri, na siku ya kwanza itakuvunjika mikononi. Usikimbilie kusema watoto ndio wabaya, au mbinu ndiyo mbaya. Jiulize kwanza kama kazi uliyowapa inahitaji watu wanne, au ni kazi ya mtu mmoja uliyoizungushia viti vinne.

Mimi sikujiuliza hivyo kwa akili yangu. Mama yako ndiye aliyenionyesha, na hata yeye hakujua kwamba ananionyesha. Jumamosi moja nilikuja kanisani kuwachukua. Wewe ulikuwa umelala kwenye benchi, kiatu kimoja kimekuvuka. Mama yako alikuwa anafundisha kwaya wimbo mpya. Sauti ya kwanza aliwaweka pembe ile, ya pili pale karibu na madhabahu, wanaume wa sauti ya tatu mlangoni, wa sauti nzito nje kabisa. Kila kundi linajifunza sauti yake tu, linairudia mpaka inakaa. Halafu akapiga makofi, akawachanganya: kila safu ikawa na mtu mmoja wa kila sauti. Wakaimba. Ghafla akawanyamazisha.

"Hapa kuna shimo," akasema. "Nani haimbi?"

Mwanamume mmoja akainua mkono, akasema, "Nilidhani wa sauti yangu tuko wengi."

"Kwa hii safu uko peke yako," mama yako akamwambia. "Ukinyamaza, wimbo haupo."

Nilisimama pale mlangoni, mwili ukanisisimka. Nilitaka kukimbia shuleni siku ile ile, na ilikuwa Jumamosi! Njiani nilikuwa nimekubeba mgongoni nikiongea peke yangu, mama yako akaniuliza kama nina homa.

Usiku ule nilitunga hadithi fupi ya Kiingereza. Mto umefurika, daraja ndilo njia pekee, na kijiji kinabishana nani avuke kwanza. Nikaikata kwa mkasi vipande vinne. Jumatatu kila mmoja katika kundi akapata kipande chake. Wote wenye kipande cha kwanza wakakutana pembeni wakasoma na kuelewana. Wenye cha pili vile vile. Kisha kila mtu akarudi kwa kundi lake. Karatasi zikarudi kwangu. Nikasema: sasa simulianeni hadithi nzima, kwa mdomo, kisha mniambie nani alifaa kuvuka kwanza. Neno likikukwama, muulize mwenzako kwa Kijaluo, halafu urudi kwenye Kiingereza. Na kibao kile, darasani mwangu, nikakiweka kabatini.

Nikaenda kusimama nyuma ya kundi la Felix. Felix akasimulia kipande chake haraka haraka kama kawaida. Collins, mwenye kipande cha pili, akajikongoja. Halafu ikawa zamu ya Quinter, na yeye ndiye aliyekuwa na daraja. Akaangalia mlango.

Felix akanigeukia. "Sir, naweza kusoma ya Quinter?"

"Huwezi," nikasema. "Karatasi ninayo."

Nilimwona Felix akitambua, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya shule, kwamba kuna kitu darasani asichokijua na kinachojulikana na mtu mwingine. Akamgeukia Quinter. Na sauti yake ilikuwa tofauti, mama, haikuwa ya kujua, ilikuwa ya kutaka kujua. "What happened to the bridge?"

Quinter akanong'ona. "The bridge... it go with water."

Mwenzao wa nne, kijana mfupi, akaanza kucheka. Collins akampiga kiwiko. "Wacha! Na watu? Were there people?"

"One," Quinter akasema. "One people. A mother. With a goat."

Wakainamia meza wote watatu. Mbuzi alifanya nini? Mama alishika nini? Na Quinter, aliyekuwa akikata kucha kwa meno, akaanza kuonyesha kwa mikono jinsi maji yalivyopanda. Ulimi wangu uliwasha nikitaka kusahihisha lile "it go". Nilijiuma. Wiki iliyofuata tulilishughulikia neno hilo darasani bila kumtaja mtu. Siku ile ilikuwa siku ya mto.

Darasa lilinguruma. Naibu akachungulia tena dirishani, na safari hii hakusema kitu, alisikiliza kwanza. Nadhani alishangaa kwamba lile soko lilikuwa linauza kwa Kiingereza.

Lakini usidhani mambo yalinyooka. Tulikuwa tumeendelea hivyo karibu muhula mzima nilipoitwa ofisini. Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole asiyependa ugomvi, alikuwa amekaa na babake Felix, Mzee Odongo, mwenye duka la mabati na misumari pale sokoni. Mzee hakungoja nikae.

"Mwalimu, mimi nalipa karo ndio mtoto afundishwe. Sio afundishe. Felix ananiambia kila siku anangojea wengine. Huyu kijana atakuwa daktari, na wewe umemfunga kwa watoto hawajui hata kusema jina yao!"

Nilieleza nilivyoweza. Nilisema mtoto akieleza jambo analielewa mara mbili. Mzee akatikisa kichwa. Mwalimu mkuu akaamua kati yetu: nisubiri mtihani wa mwisho wa muhula, Felix akishuka, makundi yafe, na huenda darasa lipewe mwalimu mwingine.

Nilitoka ofisini. Nilifikiri kurudisha madawati kwenye safu, nirudi kwa ubao wangu na Felix wangu, kila mtu apumzike. Mama yako aliniuliza jambo moja tu: "Quinter atarudi kunyamaza?" Sikurudisha madawati.

Halafu, mtihani ukiwa umekaribia, Felix akaugua. Malaria kali, akalazwa, kisha akarudishwa nyumbani akiwa dhaifu, hawezi kutembea mpaka shuleni. Niliposikia, nilihuzunika kwa ajili ya mtoto, na nikajua kwamba lawama yote ya alama zake itaniangukia. Nilipanga kwenda kumtazama Jumapili.

Kabla ya Jumapili, Mzee Odongo akaja. Nilimwona akivuka uwanja, kofia mkononi, anakuja moja kwa moja darasani kwangu wakati wa mapumziko. Nikasimama nikajiandaa.

"Mwalimu," akasema, "hawa watoto wako wanakuja kwangu kila jioni. Ni wewe umewatuma?"

"Watoto gani, Mzee?"

"Huyo Collins. Na mwingine mfupi. Na huyo msichana mwembamba." Akakaa kwenye dawati bila kukaribishwa. "Wanatoka shule wanakuja kwa miguu, wanaketi kwa kitanda ya Felix. Wanamwambia mlichosoma. Huyo msichana, aiii! Anauliza Felix maswali kama wakili. Jana Felix alisema amechoka, waende nyumbani. Unajua alimwambia nini?"

"Sijui."

"Alisema, 'Tukikosa wewe, tunakosa kipande.' Kwa Kizungu na kwa Kijaluo, ndio aelewe." Mzee akaipangusa kofia yake, ingawa haikuwa na vumbi. "Mimi nilifikiri mtoto wangu ndiye anabeba hao. Wiki hii wao ndio wamembeba. Sasa niambie, hii kipande ni kitu gani?"

Nikamwonyesha. Mkasi, karatasi, hadithi. Akauliza kama mzazi anaweza kuja kuangalia. Nikasema aje kesho.

Akaja kweli, amevaa koti. Akajibana kwenye dawati la nyuma, katika kiti cha Felix, tumbo likagoma kuingia, darasa likajizuia kucheka. Nilikuwa nimepanga akae tu aangalie. Lakini kundi lile lilikuwa na nafasi wazi, na kabla sijasema neno, Quinter akachukua kipande cha nne akampa. Mzee akanitazama. Nikainua mabega. Akaenda pembeni na wenye kipande cha nne, watoto wa umri wa mwanawe, akasoma nao akifuata mstari kwa kidole, akarudi kundini jasho linamtoka.

Zamu yake ikafika. Akakohoa. Akasema baadaye kwamba hajawahi kuogopa hivyo hata mbele ya chifu. Akapapasa meza akiitafuta karatasi niliyokwisha kuichukua. Na Quinter, yule Quinter, akaegemea mbele, akamwambia kwa heshima zote, kwa sauti iliyofika mpaka kwangu:

"Mzee, tell us. We are waiting for you."

Akasema. Kiingereza chake kilikuwa na mashimo kama barabara ya kwetu, lakini tulifika. Alipomaliza darasa lote likapiga makofi, na Mzee Odongo akacheka mpaka akatoa leso. Alitoka kwangu akaenda ofisini kwa mwalimu mkuu peke yake. Sikujua waliongea nini. Niliambiwa tu niendelee.

Felix alifanya mtihani akiwa amevaa sweta mbili, akashika nafasi yake ile ile ya kwanza. Ila sasa wa pili alikuwa amemkaribia, na Felix alionekana kufurahia hilo kuliko namba yake. Quinter hakuwa wa pili wala wa tano. Alipita. Katika mtihani wa kuzungumza nilimuuliza tena anafanya nini Jumamosi, akanieleza mpaka nikamwomba anyamaze, wengine wanangoja. Kisha mwaka uliofuata shangazi yake akamchukua Mombasa na sikumsikia tena. Ualimu ndivyo ulivyo, mama. Watu wengi uliowapenda hutajua waliishia wapi. Zoea mapema, au usizoee, mimi sijazoea.

Na nikuambie bila kuficha, si kila darasa lilikuwa kama lile. Mwaka mmoja nilipanga makundi nikaenda zangu kusahihisha vitabu mezani, na nyuma pale kijana mmoja alikuwa akichekwa kigugumizi chake na wenzake watatu kila siku, kwenye kundi nililolipanga mimi. Niligundua kwa kuchelewa. Tangu hapo sikai. Makundi yakiwa yanazungumza, mimi natembea na kusikiliza. Wewe pia tembea. Nunua viatu vya mwalimu anayetembea.

Watoto wa Usenge utakaowakuta, wengine watakuja darasani wametoka kuanika dagaa wa omena alfajiri. Watanuka samaki na watajua hilo. Wana maneno mengi kuliko unavyodhani. Wanajadiliana bei na wanunuzi kila siku. Wape kitu ambacho mwenzao hana na anakihitaji, halafu wape muda. Wakiingia Kijaluo katikati, usishtuke. Wanatafuta njia ya kuvuka.

Nilikuwa na mengine ya kukuandikia, lakini sasa nimesimama dirishani na kalamu mkononi, kwa sababu nakusikia uani. Watoto wa binamu zako wamechoka kungoja chakula na wewe umewakusanya. Nasikia unawauliza kwa Kiingereza wanaona nini wakienda ziwani. Wakubwa wamejibu wote pamoja, ukawaambia wangoje. Umemwelekea yule mdogo kabisa, wa kutoka Nyakach, anayejificha nyuma ya sketi ya dada yake. Umechuchumaa. Ameng'ang'ania sketi. Mama yako anaita watu waje wale, na wewe umeinua mkono bila kugeuka, kumwambia asubiri.

Hasemi kitu bado.

"Water," amesema. "Water is many."

Na wewe hukumsahihisha. Umemuuliza, "And what is in the water?"

Achieng', naja huko nje. Nataka kusikia atakachosema.

Baba yako